Nifungie Tu

Siku hizi mjini Tanga baiskeli zenye shokapu mbele ni nyingi kuliko zilivyowahi kuwa, na zinazofanya kazi ni za kuhesabu. Simama pembeni mwa barabara yoyote ya Ngamiani jioni uzitazame zikipita. Foki nene, nyeusi, zenye maandishi yanayong'aa. Tairi linatumbukia shimoni, foki haisogei hata kidogo, mshindo wote unapanda mabegani mwa mwendeshaji. Nyingine zina kasoro ya upande wa pili: breki ikishikwa zinazama mpaka mwisho, ikiachiwa zinaurusha usukani juu. Mwenyewe anaendelea na safari yake. Aliambiwa ina shokapu, na kweli inayo.

Namjua mzee mmoja ambaye jambo hili linamuuma kuliko linavyoniuma mimi. Alianza ufundi enzi za baiskeli za Phoenix za tairi za inchi 28, ambazo foki zake zilikuwa chuma kitupu kilichopindwa mbele kidogo, na kunesa kwa chuma kile ndiko kulikomeza mtikisiko. Sasa riziki yake inatoka kwingine. Anachukua vibaiskeli vya mitumba kutoka Japani, vya tairi za inchi 20, vile vinavyokunjika katikati, na kuvigeuza kuwa vya umeme: mota nyuma, betri chini ya siti, nyaya zimepitishwa ndani kwa ndani hata huzioni. Kazi hizo vijana wake wanazimudu bila yeye kuinua kichwa. Kuchagua foki hamwachii mtu.

Ana sababu. Tairi la inchi 28 linauvuka ufa ambao la inchi 20 linauingia. Shimo ni lile lile, lakini kwa tairi dogo ukingo wake ni ukuta. Ongeza na mota: anayekanyaga kwa miguu anapata wasaa wa kuliona shimo na kulikwepa, anayesukumwa na umeme analifikia kabla hajaamua aende kushoto au kulia. Kibaiskeli kilichobuniwa kwa mwendo wa kwenda dukani sasa kinakimbizwa kutwa nzima na mzigo juu. Uzito wote huo, mwendo wote huo, vinasimama juu ya miguu miwili myembamba ya foki.

Nilikuwepo alipokuja kijana anayesambaza mikate madukani alfajiri. Alitaka shokapu, na alitaka ile iliyoning'inia mbele kabisa, ya rangi ya fedha, ya upepo.

“Unabeba nini mbele?” mzee akamuuliza.

“Mikate, mzee.”

“Kilo ngapi?”

“Inategemea na siku.”

“Nitajie ya mkesha wa sikukuu.”

Kijana akataja. Mzee akamwuliza njia yake, akaambiwa ni Chumbageni mpaka Mabawa na kurudi. Akauliza kama huwa anapakia mtu nyuma. Kijana akacheka, akanyamaza, akasema mara moja moja. “Basi na huyo tumhesabu,” mzee akasema, akaagiza mizani kutoka duka la jirani, mizani ya magunia, akampandisha kijana juu yake na viatu vyake.

Ile foki ya fedha hakuigusa. Ni nzuri, alisema, lakini ni ya tairi la inchi 26. Miguu yake imetupwa mbele kupita kiasi kwa tairi dogo, na ukiifunga usukani utakuwa mwepesi kama wa mlevi. Tena ni ndefu. Hapo akatoa kijiti cha mninga chenye alama zilizochongwa kwa kisu, kila alama urefu wa foki ya baiskeli fulani kutoka ekseli mpaka begani. Alikilaza kwenye foki ya zamani ya kijana, kisha kwenye ile ya fedha, ili aone mwenyewe. Kila milimita 20 zinazoongezwa mbele huilaza shingo ya baiskeli nyuma kwa takriban digrii 1, na baiskeli iliyoinuliwa pua hukataa kona. Haya yote mzee aliyasema kwa kijiti tu, bila kutaja digrii hata moja.

Zilibaki foki tatu za inchi 20. Alipitisha ukucha kwenye mabomba yao, taratibu, juu hadi chini, akitafuta vijishimo vya kutu ambavyo jicho haliwezi kuviona. Kijishimo kimoja kinatosha kuikata sili na kuyamwaga mafuta. Moja ikaondoka kwa ukucha. Nyingine aliisimamisha juu ya ubao, akaikandamiza kwa kiganja, akaiachia. Ikaruka. Springi tupu, akasema, ndani hamna kitu cha kuizuia. Hii itamrushia mikate usoni. Ya tatu ilizama kwa uzito wa mkono na kurudi bila haraka, ikakaa. Ilikuwa ya chuma, nzito, rangi imebabuka. Kijana aliiangalia kama mtu aliyeletewa mchumba asiyemtaka.

Kisha ukaja uzi, na kwangu mimi ufundi wote wa mzee huyu umo kwenye uzi. Ni uzi wa cherehani, mwekundu, unaombwa kwa fundi nguo wa jirani. Mzee akishaifunga foki, anauzungusha uzi kwenye bomba, pale pale bomba linapoingia kwenye mguu, anaukaza kwa fundo dogo. Halafu mwenye baiskeli anapanda, na kapu la mbele limejazwa mfuko wa mchanga wenye uzito wa mikate. Hatikisi, hasukumi. Anakaa kama atakavyokaa, mikono kwenye usukani, macho mbele. Mguu wa foki unapanda na kuusukuma uzi juu. Akishuka, tena ashuke polepole, foki inanyooka na uzi unabaki pale ulipofikishwa.

Pengo lililobaki chini ya uzi ndilo jibu. Kwa foki ya safari ya milimita 50, mzee anataka robo yake hivi, milimita 12 au 13. Pengo likiwa dogo, springi ni ngumu mno kwa mtu yule: tairi likifika shimoni halina pa kushukia, linaning'inia hewani kisha linapigwa na ukingo. Kushuka ni haki ya tairi sawasawa na kupanda. Pengo likiwa kubwa, foki imeshatumia akiba yake kabla safari haijaanza, na shimo la kwanza litaikuta haina kitu. Siku ile uzi ulisema springi ni laini. Mzee aliifungua foki, akachomoa springi, akaweka nyingine ya foki iliyokufa zamani, akafunga uzi upya. Kijana akapanda tena. Mara ya tatu uzi ulikaa, na mzee akaukata kwa meno.

Mzee huyu hunikumbusha Alex Moulton, mhandisi wa mji mdogo wa Bradford-on-Avon, Uingereza, ambaye ukoo wake ulikuwa katika kazi ya mpira tangu 1848. Ndiye aliyebuni mpira uliobeba gari dogo la Mini la mwaka 1959 badala ya springi za chuma. Mgogoro wa Suez wa 1956 ulipoleta petroli ya mgawo, alipanda baiskeli, na mwendo wake haukumridhisha. Mwaka 1962 akatoa ya kwake: tairi za inchi 16, nyembamba, zenye upepo mwingi ili zikimbie, na kwa kuwa tairi la namna hiyo humtesa mpandaji, akaweka springi na mpira ndani ya shingo ya mbele, na mpira nyuma. Mwaka huohuo John Woodburn aliipanda akavunja rekodi ya Cardiff hadi London, na waliokuwa wakiiita kichezeo wakakosa la kusema. Moulton hakuiweka springi ipendezeshe baiskeli. Alilitaka tairi dogo, akaikubali gharama yake, akailipa.

Kampuni ya Raleigh ilikuwa imeikataa baiskeli ile ilipopelekewa. Ilipoona inauzika, mwaka 1965 ilileta sokoni ya kwake, RSW16, nayo ya tairi ndogo, lakini haikuwa na springi popote. Tairi zilifanywa nene na za upepo mdogo ili zifanye kazi ya springi. Kwa mbali zilifanana. Ukizipanda, moja ilikwenda na nyingine ilijikokota. Miaka miwili baadaye Raleigh ikainunua kampuni ya Moulton, na kufikia 1974 baiskeli ile ya asili haikuundwa tena. Moulton alirudi na fremu nyingine mwaka 1983, akaendelea mpaka alipofariki mwaka 2012, lakini zilikuwa za wachache. Sokoni kilichofanana kilikuwa kimeshaumeza ufundi wenyewe.

Kwetu hali imekwenda mbali zaidi. Wateja wengi wa mzee siku hizi hawaji kuuliza foki gani. Wanakuja nayo, imeagizwa kwa simu, imelipiwa, imeshuka na basi kutoka Dar. “Mzee, nifungie tu.” Mzee anaitazama. Shingo yake ni ya milimita 25.4 na fremu ni ya 28.6, mwenye foki anapendekeza pengo lizibwe kwa bati la kopo la maziwa. Au anataka mota ya mbele iingie kwenye foki ya aluminiamu, wakati ekseli ya mota hujaribu kujizungusha kila inapovuta, hupanua midomo ya foki, na aluminiamu haionyeshi dalili ndefu kabla ya kuachia. Chuma hupinda kwanza, humwonya mtu. Mzee huyaeleza haya kwa upole, kwa sauti ya chini. Mteja anatazama saa.

Kuchagua kumehamia kwenye picha ya simu, na picha haimwulizi mtu uzito wake, wala anampakia nani nyuma. Vijana wa mzee wana mikono mizuri. Wanafunga beringi bila kuziumiza, wanachomelea kuliko hata yeye alivyochomelea ujanani. Lakini wanafunga vilivyochaguliwa na wengine, na kijiti cha mninga kinakaa zaidi ndani ya debe la spana kuliko mkononi. Mmoja wao aliwahi kuniuliza kile kijiti ni cha nini.

Tunapenda kusema mafundi wa kweli wamekwisha, kana kwamba waliondoka wenyewe. Ufundi wa kuchagua hujengwa na neno hapana: hapana, hii ndefu; hapana, hii haina mafuta; hapana, sikufungii mota hapo mbele, ulete mama yako nimweleze. Mzee angali analisema. Kila akilisema, mteja anaibeba foki yake hatua chache mpaka kwa fundi mwingine, inafungwa kabla ya adhana ya alasiri, na hela inabaki huko. Vijana wake wanaliona hilo kila wiki, nao wana nyumba za kulisha.