Sifa za Brashi Ngumu

Dereva aliitoa brashi mfukoni kwa madaha. Mpini ulikuwa wa rangi ya pembe, unang'aa, na manyoya yalikuwa meupe, marefu, laini kiasi kwamba kijana aliyekuwa akisubiri zamu aliomba aiguse. Mzee kinyozi hakujishughulisha na mpini. Aliikandamiza brashi katikati ya kiganja chake, akaiachia, akatazama manyoya yalivyobaki yamelala. Kisha akayapuliza hadi yakaachana, akachungulia shinani, akaona gundi. Akamrudishia mwenyewe.

"Hii, mwanangu, ni ya kumpaka mtoto poda."

Kibanda chake kipo Majengo, Tunduma, mahali ambapo mngurumo wa malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, Zambia, haukomi usiku wala mchana. Ndani mna kioo kimoja, kiti cha mbao chenye kiegemeo cha kisogo alichokitengeneza mwenyewe, na ukutani safu ya misumari. Kila msumari umeshika brashi moja, kichwa chini, na kila brashi imefungwa shingoni uzi wa rangi yake. Ni brashi za watu. Mteja wake wa kudumu hapakwi sabuni kwa brashi ya mwenzake, na wengi wao ni mzee mwenyewe aliyewachagulia. Ukitaka kumjua kinyozi fundi, mtazame anavyochagua brashi. Wembe hata mlevi anaweza kuushika.

Tunduma inatajwa kwa mambo mengine: foleni za malori, wabadilishaji wa kwacha, kituo cha pamoja cha forodha ambacho marais wa Tanzania na Zambia walikizindua mwaka 2019. Ukiingia ndani ya mkoa utasimuliwa habari za kahawa ya Mbozi na za kimondo cha Ndolezi, tani zipatazo 16 za chuma ambacho hakuna mhunzi aliyekifua. Unyoaji hautajwi. Nami naona ni dhuluma, maana Songwe, hata kabla haijawa mkoa mwaka 2016, ilikuwa na kila sababu ya kumfundisha mtu kwa nini brashi iwe ngumu na iliyoshiba manyoya.

Kuna baridi, kwanza. Juni na Julai, asubuhi za Vwawa na Mlowo, maji ya ndooni yanauma vidole. Sabuni nayo si krimu ya kwenye tyubu, ni kipande kilichokatwa kwenye mche, kikavu, kilekile kinachofulia shuka. Krimu unaweza kuiamsha hata kwa kidole. Kipande cha mche kinataka kusuguliwa. Brashi laini ikipita juu yake inateleza na kurudi na maji matupu. Brashi ngumu inakwangua, inaing'oa sabuni kidogo kidogo na kuimeza. Hapo ndipo wingi wa manyoya unapodaiwa. Yakiwa yamesongamana, maji, sabuni na hewa vinakamatwa humo ndani na kusagwa mpaka liwe povu zito. Yakiwa machache, maji yanachuruzika hadi kiwikoni, na povu linakuwa la viputo vikubwa vinavyopasuka kabla wembe haujafika kidevuni.

Halafu kuna ndevu zetu zenyewe. Udevu uliojisokota hausimami. Unalala, unajikunja, na ncha yake iliyokatwa kwa mshazari mara nyingine hurudi kuichoma ngozi na kujizika humo. Ndivyo vinavyozaliwa vile vipele vya shingoni ambavyo vijana wamevikubali kana kwamba ni sehemu ya uanaume. Brashi ngumu ikizungushwa shavuni inauinua udevu, inazizibua ncha zinazoanza kujizika, inaondoa mafuta yanayoyazuia maji kupenya. Udevu ukishakunywa maji ya uvuguvugu kwa dakika mbili tatu unalainika, wembe unapita bila kulazimishwa. Wazee walisema mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Sisi tumeifanya methali ya kutishana kwenye vikao vya siasa, na nyumbani tunanyoa kavu.

Mzee ana namna yake ya kupima, nami nimeitazama mara nyingi kuliko ninavyohitaji kunyolewa. Baada ya kiganja huja mgongo wa mkono, kwa kuwa ngozi ya pale ni nyembamba na husema kweli. Brashi ikichoma kila mahali kwa sindano chache chache, ina ugumu lakini haina wingi. Ikijaa mkononi lakini ikalala, ina wingi lakini haina uti. Anayoitaka husukuma mkono kwa pamoja, kisha inarudi. Huangalia urefu pia: manyoya mafupi husimama, marefu hulegea, hata yakiwa ya mnyama yuleyule. Huyavuta manyoya kwa vidole viwili aone kama yanang'oka. Mwisho hunusa. Brashi mpya ya manyoya ya nguruwe ina harufu ya mnyama wiki za mwanzo, na yeye haioni kuwa aibu. Tena huikataa brashi ambayo ni laini tangu siku ya kwanza, kwa sababu haina pa kwenda. Ile ngumu ina safari. Kadiri inavyotumika ncha za manyoya hupasuka zaidi, kila moja ikawa mbili au tatu, na brashi inaanza kubembeleza juu huku shina likibaki na ukali wake. Brashi ya namna hiyo huifundisha ngozi kwanza, kisha hufundishwa nayo.

Baba yangu alikuwa nayo. Alikuwa mpima kahawa wa chama cha ushirika huko Mbozi, mtu aliyeamini mizani kuliko maneno, na brashi yake ya mpini mweusi ilikaa dirishani kabla sijazaliwa. Kabla ya chai aliitumbukiza kwenye kikombe cha bati chenye maji ya moto, kwa kuwa manyoya ya nguruwe yasipolowekwa hayashiki maji. Alikunywa chai yake ya rangi bila haraka, brashi nayo ikinywa. Kisha aliyamwaga maji yote, akaukung'uta mkono mara moja, akaanza kuzungusha juu ya kipande cha sabuni kilichobanwa chini ya kikombe kingine. Mwanzoni ulisikia mkwaruzo mkavu wa manyoya kwenye bati. Sauti hiyo ndiyo ilituamsha. Baadaye mkwaruzo ulizama, ukawa mnong'ono mzito, na mama aliyekuwa jikoni alijua bila kutazama kwamba sasa anahitaji maji ya pili.

Maji yale aliyaongeza kwa ncha za vidole, tone kwa tone. Hakuwahi kumimina. Sisi watoto tulisimama mlangoni tukisubiri kipimo: alichovya kidole cha shahada kwenye povu, akakielekeza chini, na kama povu lilining'inia bila kudondoka, aligeukia kioo kidogo cha duara alichokitundika kwenye kitasa cha dirisha. Alipaka kwa mizunguko, akipanda dhidi ya ndevu, mpaka mashavu yakapotea. Alikuwa mkali baba yule, lakini akiwa na povu usoni aliruhusu kuulizwa maswali. Kaka yangu aliomba ruhusa ya kwenda kuona treni ya TAZARA asubuhi mojawapo ya hizo, akapewa, kitu ambacho saa moja baadaye kisingewezekana. Akimaliza, aliisuuza brashi, akaikung'uta nje ya dirisha, akaitundika kichwa chini kivulini. Ukiisimamisha ikiwa imelowa maji yanashuka shinani, yanaozesha gundi, na manyoya yanaanza kutoka kwa mafungu. Kaka huyohuyo siku moja aliitumia kufutia vumbi viatu vya shule. Sitasimulia kilichompata.

Mpinini pa brashi ile palikuwa na maandishi ya Kichina yaliyofutika nusu. Baba aliipata kwenye duka la RTC, kampuni ya biashara ya mkoa, na sioni ajabu. Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China, na gharama za hapa nyumbani zililipwa kwa kuuza bidhaa za Kichina katika maduka ya Tanzania na Zambia. Kwa hiyo kabla treni haijapita, vitu vilikuwa vimeshapita: mashati, taa, thermosi. China nayo kwa muda mrefu ilikuwa muuzaji mkubwa wa manyoya ya nguruwe duniani. Hawakuwa na sababu ya kututengenezea brashi mbaya.

Thamani yake tuliijua vizuri zaidi vitu vilipoadimika. Baada ya vita vya Kagera maduka yalibaki na rafu, na mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, mtu aliyekuwa na sabuni nyingi ndani alilala usingizi wa mang'amung'amu. Kipande chembamba kilichobaki baada ya kufua, ambacho leo kingekwenda na maji machafu, baba alikibandika chini ya kikombe juu ya vipande vilivyotangulia, na brashi ikakitoa povu kwa majuma. Brashi iliyoshiba manyoya ni akiba. Inatoa mengi kwenye kidogo, na haihitaji hotuba ya kubana matumizi.

Kuna jambo ambalo wanaoisifu hulipita kimya. Manyoya ya nguruwe si ya kila uso. Baba, Mmoravian wa Mbozi, hakuwa na neno. Tunduma ni mji wa watu wa kila dini, na mzee wa Majengo humuuliza mteja kwanza. Asiyetaka nguruwe hutafutiwa singa za farasi, na hapo macho lazima yafanye kazi, kwa sababu wauzaji husema lolote. Unyoya wa nguruwe ni mnene shinani na hupungua kuelekea nchani, ncha ikiwa imepasuka tangu kuzaliwa. Wa farasi unene wake haubadiliki sana. Plastiki hujulikana kwa kiberiti: unyoya wa mnyama unanuka nywele zilizoungua na kuwa majivu, nailoni inayeyuka na kuganda kitone kigumu. Na singa zenyewe zisafishwe kwa haki. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, brashi za singa zisizosafishwa ziliwapelekea kimeta askari na raia huko Uingereza na Marekani, hata mwaka 1920 Uingereza ikapiga marufuku brashi za kunyolea kutoka Japani. Wafugaji wetu wanakijua kimeta; hawahitaji kuelezwa.

Ndiyo maana siwezi kusema kwamba brashi ilifukuzwa na ujinga mtupu. Ukimwi ulipotangazwa nchini mwaka 1983, kwa wagonjwa wa Kagera, na hofu ikafuata barabara za malori hadi mipakani, watu walianza kuingia kwa vinyozi na wembe wao mfukoni. Walikuwa na haki. Brashi moja mbichi, iliyopita kwenye nyuso zilizokatwakatwa tangu asubuhi, nani angeitetea? Mzee alijibu kwa misumari na nyuzi za rangi. Wenzake walijibu kwa kuitupa brashi na kununua mashine ya umeme, na hapo ndipo ninapoanza kulalamika, kwa kuwa hofu ilidai kila mtu awe na yake, haikudai asiwe nayo.

Sasa ingia saluni yoyote ya Sogea au Mpemba uombe brashi. Utaletewa ile pana, laini, yenye poda, ya kufagilia nywele shingoni. Ndiyo pekee iliyobaki. Ndevu zinachongwa kwa mashine kavu, pembeni zinanyooshwa kwa wembe juu ya ngozi iliyopakwa spiriti, muziki uko juu, na kijana anatoka na mistari safi sana na shingo itakayowaka usiku kucha. Nyumbani ana kiwembe cha plastiki chenye makali matatu, kinachouvuta udevu na kuukata chini ya usawa wa ngozi, ili ukikua uanze safari yake ukiwa tayari umefungiwa ndani. Anauliza dawa ya vipele. Anauziwa. Anarudi kuulizia nyingine. Nimewasikia wakisema brashi inapoteza muda, halafu wanakaa nusu saa kibarazani wakitazama simu wakisubiri zamu ya mashine.

Dereva yule, kwa sifa yake, alimuuliza mzee aitafute wapi iliyo sahihi. Mzee alimwelekeza kwa mwenye duka la jumla barabara ya Sumbawanga, akamwambia aseme ametumwa na nani. Nilikwenda naye, kwa udadisi. Brashi zilikuwepo, kwenye boksi lililoletwa kutoka Kariakoo, kila moja ndani ya ganda lake la plastiki ngumu lililochomelewa pande zote, picha ya mzungu anayetabasamu mgongoni. Zote ni laini, alituhakikishia mwenye duka. Ngumu hazitoki, wateja wanalalamika. Tukamwomba afungue moja tuijaribu kwenye kiganja.

"Ukifungua, umenunua."