Vidole Huonja Kwanza

Anayetaka kuitambua sigaa njema, ile sigara nene ya majani matupu, asikimbilie kiberiti. Aishike kwanza, aibinye taratibu kutoka ncha hadi ncha. Penye kibonge kigumu, majani yameshindiliwa na moshi utakwama. Penye ulegevu, itaungua mbio na kuuchoma ulimi. Kisha alitazame jani la nje: liwe laini, lenye mng'ao wa mafuta, mishipa yake isitokeze. Moto haujawashwa bado, na nusu ya hukumu imekwisha kutoka.

Kinachohukumiwa hapo ni kazi ya mkono. Katika viwanda vya Havana, msokotaji huketi na ubao, gundi kidogo na chaveta, kisu kipana kisicho na mpini. Majani yanayosifiwa zaidi hutoka Vuelta Abajo, mkoani Pinar del Río. Ya juu ya mmea, yaliyopigwa sana na jua, ni makali na huungua polepole, kwa hiyo huyaweka katikati. Ya kati huleta harufu. Ya chini hushika moto upesi. Hayalundiki ovyo, bali huyakunja moja moja ili hewa ipate njia. Mikono imeizoea kazi hata masikio yakabaki huru: tangu 1865 viwanda hivyo vimekuwa na msomaji wa kuwasomea wasokotaji magazeti na riwaya, na riwaya ya Alexandre Dumas ndiyo iliyoipa chapa ya Montecristo jina lake.

Mkulima wa Tabora aliyekesha akichochea moto wa bani, banda la kukaushia tumbaku, angeshangaa kidogo. Majani ya sigaa ya Kuba hukaushwa kwa hewa tu, kisha hurundikwa yachachuke kwa joto lake yenyewe mpaka ukali wa amonia upungue. Aliyefupisha kazi hiyo husemwa na pua ya mvutaji.

Basi ladha haifunzwi na bei wala na utepe wa dhahabu. Hufunzwa na kuvuta kwa nafasi, bila kumeza moshi, na kulinganisha hii na ile. Hata hivyo moshi huo unadhuru hata usipomezwa. Ni sababu tosha ya kuvuta kwa nadra na kuchagua kwa makini. Na moto ukishuka sawasawa pande zote, sifa ni ya msokotaji. Mvutaji amejua kuchagua tu.