Safari ya Unguja Huhesabiwa Kutoka Bandarini

Kutoka Mishomoroni hadi Mji Mkongwe wa Unguja kwa barabara, mtu huvuka maji mara tatu: Daraja la Nyali, kivuko cha Likoni, na mkondo wa bahari kati ya Dar es Salaam na kisiwani. Wengi huogopa maji ya tatu. Wanaokwama, lakini, hukwama kwenye yale mawili ya kwanza, au mpakani, au kwa sababu ya hati ambayo ilifaa kutafutwa wiki kadhaa nyuma. Majuzi nilifuatilia jinsi jamaa wa mtaani kwetu walivyokwenda harusini Unguja, wazee na watoto ndani, wakafika wote kwa pamoja na mapema. Hawakuwa watu wa pesa nyingi. Namna walivyoipanga safari ile ndiyo ninayotaka kuichambua, kwa sababu mtu yeyote wa Kisauni anaweza kuifuata.

Jambo la kwanza, walianzia mwisho. Nikahi ilikuwa Jumamosi alasiri. Kwa hivyo walitaka kushuka Unguja Ijumaa, wapate usiku mmoja wa kupumzika. Ili washuke Ijumaa asubuhi, ilibidi Alhamisi usiku walale Dar es Salaam. Na ili walale Dar, basi lilipaswa kuondoka Mombasa Alhamisi alfajiri. Mwendo wa Mombasa hadi Dar ni kilomita zipatazo 500, na ukijumlisha kivuko, mpaka, na vituo vya njiani, siku nzima imekwisha. Anayejipa moyo kwamba atashuka kwenye basi na kudaka boti ya jioni atafika bandarini mageti yamefungwa, kisha atafute pa kulala usiku akiwa na mizigo na watoto wanaolia. Jamaa hawa walikodi vyumba Kariakoo kabla hawajanunua hata tiketi moja ya basi.

Ujanja uliofuata ndio ulionipendeza zaidi. Jumatano jioni walihama Mishomoroni wakaenda kulala Majengo kwa dada yao. Daraja la Nyali lililofunguliwa mwaka 1980, likachukua nafasi ya lile la kuelea la mwaka 1931, ndilo mlango wetu mkubwa wa kuingia kisiwani Mombasa, na kila anayeishi Kisauni anajua foleni yake ya asubuhi kuanzia Lights na Kongowea. Tuktuk ikiharibika mbele ya daraja, basi lako la Mwembe Tayari limekuacha. Kwa kulala Majengo waliliondoa daraja zima kwenye hesabu ya Alhamisi. Haikuwagharimu chochote ila chakula cha usiku walichomsaidia dada kupika.

Likoni ni habari nyingine. Abiria wa miguu huvuka bure, magari hulipa, na wote husubiri. Barabara ya Dongo Kundu, yenye daraja refu la Mteza, imempa dereva anayetoka bara njia ya kufika pwani ya kusini bila kupanda feri. Lakini wewe unayekata tiketi mjini huchagui njia, unachaguliwa na kampuni ya basi. Uliza unapolipa: mnapita feri au Dongo Kundu? Jibu hilo ndilo litakalokwambia utafika mpakani saa ngapi.

Sasa hati, ambako safari nyingi hufia. Kitambulisho cha Kenya kinaweza kukufikisha Uganda na Rwanda, na wengi waliowahi kwenda Kampala nacho huamini kwamba Tanzania ni vivyo hivyo. Sivyo. Kwa Tanzania unahitaji pasipoti, au hati ya muda ya kusafiria inayotolewa na uhamiaji. Pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi 6 mbele. Viza Mkenya hahitaji. Mtoto naye awe na hati yake mwenyewe, na akisafiri na shangazi au nyanya, mchukulieni cheti cha kuzaliwa pamoja na barua ya idhini ya mzazi. Kama mnaungana na ndugu kutoka London mwenye pasipoti ya Uingereza, mwambieni mapema kwamba yeye atahitaji viza, na pia bima ya Zanzibar ambayo tangu Oktoba 1, 2024 wageni hulipia dola 44.

Halafu kuna chanjo ya homa ya manjano. Kenya imo katika orodha ya nchi ambazo wasafiri wake hudaiwa kadi hiyo Tanzania. Chanjo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kudungwa, kwa hivyo anayekwenda kuchanjwa siku ya kuamkia safari amepoteza muda wake. Faraja iliyopo ni kwamba tangu Julai 2016 kadi hiyo hudumu maisha, hata kama imeandikwa kwamba mwisho wake ni miaka 10. Jamaa zetu walikwenda kuchanjwa wote siku moja, na kadi zote zikawekwa katika mfuko mmoja mikononi mwa mtu mmoja, mama mdogo wa bi harusi, ambaye hana haraka na hapotezi kitu.

Hapa siwezi kupita bila kuwataja Wapemba wa Kwale na Kilifi. Hawa wana ndugu wengi zaidi upande wa pili wa maji kuliko yeyote kati yetu, na kwa miaka mingi waliishi Kenya bila kitambulisho, hivyo kuzika au kuoza kwao ilikuwa kwa mashua za siri. Mwaka 2023 serikali iliwatambua kama jamii ya Kenya. Kwa familia hizo, kusimama mpakani na hati mkononi ni haki iliyochelewa sana.

Mpakani Lunga Lunga na Horohoro kazi hufanyika katika kituo cha pamoja: mhuri wa kutoka Kenya na wa kuingia Tanzania hupigwa ndani ya jengo moja. Angalia namna mama mdogo alivyofanya. Kila pasipoti ilikuwa imefunguliwa kwenye ukurasa wa picha, kadi ya chanjo imechomekwa hapohapo, na kikaratasi chenye jina la mtaa watakaofikia Unguja na siku watakazokaa. Afisa alipouliza mnakwenda wapi, alijibu mmoja tu. Waliporudishiwa pasipoti hawakuondoka dirishani. Walisoma mhuri, tarehe na idadi ya siku walizopewa, mmoja baada ya mwingine, ndipo wakarudi kwenye basi. Kosa la mhuri hurekebishwa pale dirishani kwa dakika mbili. Ukiligundua siku ya kurudi, utalala mpakani. Mifuko ya plastiki nayo iacheni nyumbani, maana Tanzania iliipiga marufuku tangu Juni 1, 2019.

Wenye kwenda Pemba wafikirie Tanga. Mji huo uko karibu na mpaka, na kuna boti kutoka pale kwenda Pemba, ila si ya kila siku. Ratiba yake lazima ithibitishwe kwa simu kabla hujatoka nyumbani. Kwa safari ya Unguja yenye tarehe maalumu kama harusi, uamuzi wangu ni Dar es Salaam, hata kama ramani inaonyesha kuwa ni kuzunguka. Dar kuna boti za kasi kadhaa kwa siku, ukikosa moja unapanda nyingine, na mwendo ni kama saa 2. Bandari yetu ya Mombasa haina boti ya abiria ya kila siku kwenda Unguja wala Pemba, na hilo ni pengo linalowaumiza watu ambao ukoo wao umegawanywa na maji kuliko na mpaka.

Kuhusu boti yenyewe, nina maneno mazito kidogo. Sisi wa Mombasa hatujasahau Mtongwe, Aprili 29, 1994, feri ilipopinduka na watu 272 wakafa. Septemba 10, 2011 Spice Islander ilizama ikielekea Pemba, ikiwa imebeba watu wengi kupita kiasi ilichoruhusiwa. Julai 18, 2012 Skagit ikazama karibu na Chumbe, msimu wa kusi, upepo ukiwa mkali. Chombo kilichojaa kupita kiasi usikipande, hata kama tiketi umeshalipia na wenzako wanakuita. Kuanzia Juni hadi Agosti kusi huchafua bahari, na kwa kawaida upepo huzidi mchana, kwa hivyo boti ya asubuhi ina afadhali. Wazee wakae chini, katikati au nyuma, watazame nje na si simu. Wa kwetu walikula kidogo, wakatafuna tangawizi, na nyanya mwenye umri mkubwa kuliko wote hakutapika.

Tiketi za boti zina bei ya raia na bei ya wageni. Uliza wewe unahesabiwa wapi kabla ya kutoa pesa. Saa huandikwa kizungu: 12:30 ni saa sita na nusu mchana, na wapo waliokwenda bandarini alfajiri kwa kuisoma vibaya. Pasipoti iwe mkononi tena ukishuka Malindi ya Unguja, kwa sababu Zanzibar, iliyoungana na Tanganyika Aprili 26, 1964, ina serikali yake, na afisa wa uhamiaji hukagua hapo bandarini. Shilingi moja ya Kenya huwa karibu 20 za Tanzania. Badilisheni dukani penye risiti, si kwa kijana anayekimbilia dirisha la basi. Laini ya simu ya huko husajiliwa kwa pasipoti na alama za vidole.

Ukitazama orodha hii yote, vitu viwili tu haviwezi kuharakishwa kwa pesa wala kwa kujuana: pasipoti na zile siku 10 za chanjo. Tiketi hupatikana, chumba hupatikana, hata kiti kwenye basi lililojaa huweza kupatikana. Kama kwenu kuna harusi au hitima ya Unguja mwezi ujao, toa pasipoti kabatini leo, soma tarehe yake ya mwisho, na kesho asubuhi wapeleke watu wako wakachanjwe.