Madini, Mtapo na Mlimbiko

Katika maandishi mengi ya Kiswahili kuhusu uchimbaji, neno "madini" limebebeshwa mzigo mkubwa mno. Shaba huitwa madini, na jiwe lililobeba shaba nalo huitwa madini. Mwanafunzi anayetafsiri habari za Kilembe, wilayani Kasese, hupotea mapema. Pale shaba imo ndani ya kalkopiriti. Kalkopiriti ndiyo madini. Shaba ni metali. Mwamba wenye kalkopiriti ya kutosha kuchimbwa kwa faida ni mtapo. Neno hili la mwisho limo katika kamusi tangu zamani, lakini waandishi wetu hulipita kana kwamba halipo.

Kosa zito zaidi ni "akiba". Kwa mwanajiolojia, akiba ni ile sehemu iliyopimwa na kuthibitishwa kwamba italipa. Bei ya shaba ikianguka, akiba hupungua ilhali mwamba haujaguswa! Kwa kile chenyewe kilichokusanyika ardhini, tunapendekeza "mlimbiko". Kulimbika ni kukusanya kidogo kidogo, kama maji kisimani, na ndivyo maji ya moto yapitayo katika nyufa za miamba yanavyoacha dhahabu mpaka mshipa ukafanyika.

Wapo wanaopenda "mashapo" kwa kila mlimbiko. Neno hilo linafaa kwa mchanga na tope vilivyotuama chini ya maji. Dhahabu ya mshipa haikutuama: ilikuwa imeyeyuka majini, ikajitenga maji yalipopoa au shinikizo liliposhuka.