Kipaji, Zoezi na Lengo: Tafakari juu ya Usanii wa Siti binti Saad

Neno "kipaji" limezoeleka mno katika mazungumzo yetu juu ya wanamuziki. Kijana akipiga udi ukalia vizuri, twasema amejaaliwa; bibi akiimba ukumbi ukanyamaza, twasema kazaliwa nacho. Baada ya hapo hatuna swali jingine. Hatuulizi alifundishwa na nani, alijifunza kwa miaka mingapi, wala ni wimbo upi uliomshinda kabla hajauweza. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba sifa ya namna hiyo, ingawa hutolewa kwa nia njema, humpunja msanii na humpotosha mwanafunzi. Humpunja msanii kwa kuwa huifuta kazi yake. Humpotosha mwanafunzi kwa kuwa humwambia akae asubiri kujaaliwa.

Tuchukue mfano wa Siti binti Saad, ambaye jina lake halikosekani panapotajwa taarab. Alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, yapata mwaka 1880, katika jamaa ya wafinyanzi, na katika ujana wake alitembeza vyungu. Hakupata elimu ya shule. Mwaka 1911 alihamia mjini, na huko akafundishwa uimbaji na mmoja wa wanamuziki wa Nadi Ikhwani Safaa, chama cha taarab kilichoanzishwa mwaka 1905. Mwaka 1928 yeye na wenzake walisafiri hadi Bombay, Bara Hindi, kurekodi nyimbo katika sahani za santuri. Msomaji na afanye hesabu. Baina ya kuhamia mjini na safari ya Bombay ni miaka 17. Siti aliyesikika katika santuri hizo hakuwa msichana aliyeokotwa njiani na vyungu kichwani. Alikuwa mtu mzima anayekaribia umri wa miaka 50, aliyekwisha kuifanya kazi yake mbele ya watu kwa muda mrefu.

Tuitazame na kazi yenyewe ya kurekodi. Siku hizo hapakuwa na njia ya kukata kosa na kuunga sauti nyingine mahali pake. Waimbaji na wapigaji walikusanyika mbele ya chombo, sauti yao ikachorwa moja kwa moja katika nta, na kosa la mmoja liliweza kuwarudisha wote mwanzo. Tena upande mmoja wa sahani ulichukua kiasi cha dakika 3 tu, ilhali taarab ni muziki uliozoea kupewa nafasi: utangulizi wa ala, beti, kiitikio, na mwimbaji kuurejea mshororo uliowapendeza wasikilizaji. Wimbo mrefu ulipaswa kufupishwa pasipo kuharibiwa. Mwimbaji aingie wapi, anyamaze wapi, fidla imjibu lini, dumbaki ipunguze lini: haya hayaamuliwi na kipaji. Huamuliwa na watu waliokwisha kuurudia wimbo hata kila mmoja akaijua nafasi ya mwenzake kama anavyoijua yake.

Wapo watakaosema: "Lakini sauti ile alizaliwa nayo. Watembeza vyungu walikuwa wengi; mbona hakutoka Siti mwingine?" Hoja hiyo ina uzito, nasi hatuikatai. Husimuliwa kwamba sauti yake ilivuma tangu alipokuwa akinadi bidhaa zake. Hata hivyo, kunadi si kuimba. Anayenadi hutaka asikike mbali. Mwimbaji wa taarab hutaka neno lifahamike, pumzi isikatike katikati ya kipande, na sauti ikae juu ya ala bila kuzizamisha. Isitoshe, Siti aliimba kwa Kiswahili na kwa Kiarabu pia, lugha ambayo matamshi yake mgeni hana budi kuyatwaa kwa mwalimu, herufi baada ya herufi. Kipaji kilimpa udongo mzuri. Jamaa zake wafinyanzi walijua vema kwamba udongo, hata ukiwa mzuri namna gani, bado si chungu.

Zoezi, basi, ni nini? Si kurudia tu. Tuutazame udi. Shingo yake haina vigawanyo vya kuongoza vidole, hivyo mahali pa kila sauti hutafutwa kwa sikio. Katika maqamu iitwayo Bayati, mathalani, sauti ya pili hukaa mahali ambapo piano haina kibao cha kuitoa, yaani baina ya vibao viwili. Mwanafunzi anayekosea hapo, kisha akaurudia wimbo mzima mara 20, amejizoeza kukosea mara 20. Kidole hushika kilichorudiwa, kiwe sawa au kisiwe sawa. Anayejifunza kwa akili husimama penye kosa. Hukitoa kile kipande kidogo kinachomshinda, hukipiga polepole, humsikiliza mwalimu, hukipiga tena. Kikishatulia ndipo huongeza mwendo, na mwishowe hukirudisha ndani ya wimbo.

Hapa ndipo lilipo jambo la lengo. Sisi tunaotunga mashairi tunalijua kwa njia yetu. Anayejifunza utenzi hafiki popote kwa kujiambia kwamba leo atakuwa malenga. Hufika kwa kujiambia: leo nitatunga ubeti mmoja, mizani 8 katika kila kipande, vipande 3 vya kwanza vikipatana kwa kina kimoja, na cha nne kikibeba kina cha utenzi mzima. Jioni ataweza kuhesabu, naye atajua kama amefaulu au hakufaulu. Vivyo hivyo kwa mwanamuziki. "Nataka kuwa mpigaji mashuhuri" ni tamaa, wala hatuilaumu. Lakini haimwambii mtu afanye nini kesho asubuhi. "Kesho nitapiga utangulizi wa wimbo huu mara 5 mfululizo bila kupotea" ni lengo, kwa kuwa laweza kupimwa. Malengo madogo ya namna hiyo, yakifuatana kwa miezi na miaka, ndiyo hujenga kile ambacho wasikilizaji hukiita kipaji.

Tukiyapima mafundisho ya muziki katika shule zetu kwa kipimo hiki, tutaona upungufu. Mara nyingi kwaya ya shule huundwa anapotarajiwa mgeni rasmi. Wanafunzi huimbishwa wimbo mmoja asubuhi na jioni kwa wiki mbili, mgeni hupigiwa makofi, kisha kwaya huvunjika mpaka mgeni mwingine. Lengo la kwaya hiyo lilikuwa sherehe, wala halikuwa muziki. Mwaka ukiisha, mwanafunzi amejua wimbo mmoja, na hajui kuipima pumzi yake wala kusikiliza sauti ya aliye karibu naye. Saa moja kila wiki, mwaka mzima, na kila muhula ukiwa na jambo moja la kuwezwa, lingefaa kuliko wiki hizo mbili za haraka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama huku ni kwa kila siku.

Sisi wahakiki nasi tunao wajibu. Tunapoandika juu ya taarab, dansi au ngoma, tumezoea kuyachambua maneno ya nyimbo na kuisifu sauti kwa sentensi moja. Yatupasa tuandike pia jinsi kazi ilivyofanywa: msanii alijifunza kwa nani, kwa muda gani, na ni ugumu gani aliouvuka. Utamaduni wa taifa hurithishwa kwa kufundishwa. Ala ambayo vijana wake wameambiwa kuwa ni ya waliojaaliwa tu, itanyamaza siku wazee wake watakapoondoka. Kijana anayeambiwa kwamba Siti alifika Bombay baada ya miaka 17 huenda akaogopa hesabu hiyo; lakini atakuwa ameambiwa kweli, na kesho asubuhi atajua pa kuanzia.