Duara au Tufe? Uhakiki wa Hoja ya Kibiblia ya Dunia Bapa na Majibu Yake katika Muktadha wa Kampala

Makala hii inahakiki hoja ya Wakristo wanaoshikilia kwamba dunia ni bapa kwa kuwa Maandiko yanasema hivyo. Kinachohakikiwa si imani yao, bali namna hoja inavyojengwa juu ya maneno, na namna inavyojibiwa. Kampala ni mahali mwafaka kwa uhakiki huu. Mji huo uko yapata kilomita 35 tu kaskazini mwa Ikweta, ambako umbo la dunia hujidhihirisha angani. Aidha, Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia Kiswahili kiwe lugha rasmi na kupendekeza kifundishwe kwa lazima shuleni. Hivyo istilahi zake sasa ni suala la sera.

Hoja yenyewe ni kongwe. Katika karne ya 6 Cosmas Indicopleustes, mfanyabiashara wa Aleksandria aliyewahi kufika Adulis, bandari ya ufalme wa Aksum, alifundisha kwamba dunia ni bapa na kwamba ulimwengu una umbo la hema takatifu la Musa. Yohana Philoponus, Mkristo wa mji huohuo, alishikilia kwamba ulimwengu una umbo la tufe. Tangu hapo, basi, mvutano haukuwa baina ya imani na elimu, bali baina ya njia mbili za kuyasoma Maandiko.

Msomaji wa Kiswahili hukutana na mvutano huo katika neno moja. Tafsiri ya Union Version ya mwaka 1952, katika Isaya 40:22, inatumia neno “duara”. Watetezi wa dunia bapa huliona humo umbo la sahani. Baadhi ya wapinzani wao huliona umbo la mpira, wakidai nabii aliwatangulia wanasayansi. Pande zote mbili zinalitwika neno mzigo lisioweza kuubeba. Neno la Kiebrania, “hug”, hutaja mviringo tu. Ayubu 22:14 hulitumia kwa mbingu. “Duara” nalo halibainishi kama kitu ni bapa au kimejaa pande zote. Zaidi ya hayo, Ufunuo 7:1 hutaja pembe nne, na duara halina pembe. Anayesisitiza maana ya neno kwa neno hana budi kuacha andiko mojawapo, au kukubali kwamba lugha ya mafumbo inatumika.

Hata hivyo, majibu yanayotolewa kwa jina la sayansi nayo yana kasoro. Kule Kayabwe, kwenye alama ya Ikweta katika barabara ya Kampala–Masaka, wageni huonyeshwa maji yakizunguka kuelekea pande tofauti hatua chache kaskazini na kusini mwa mstari. Maonyesho hayo hayathibitishi kitu. Katika beseni, mwelekeo wa maji huamuliwa na umbo la chombo na namna yalivyomiminwa. Athari ya mzunguko wa dunia hapo ni ndogo mno. Mwanafunzi atakayegundua hila hiyo anaweza kuitupa kweli pamoja na ushahidi wake bandia.

Ushahidi wa kweli upo na hauhitaji gharama. Kampala, Nyota ya Kaskazini hukaribia kugusa upeo wa macho. London huonekana juu kwa nyuzi 51 hivi. Dar es Salaam haionekani kabisa. Msalaba wa Kusini, usioonekana kamwe London, huonekana Kampala. Usiku wa tarehe 27 Julai 2018, mwezi ulipopatwa, wakazi wa Afrika Mashariki waliona kivuli cha dunia chenye ukingo wa mviringo. Sahani ingetupa kivuli cha namna hiyo katika hali maalumu tu. Tufe hutupa kivuli hicho katika kila kupatwa kwa mwezi.

Mambo mawili yanapendekezwa kwa watunga sera. Kwanza, vitabu vya Kiswahili vya shule vitenganishe “duara”, umbo bapa, na “tufe”, neno ambalo wanafunzi wengi wanalifahamu tayari kupitia mchezo wa kutupa tufe. Pili, mwalimu wa dini na mwalimu wa jiografia wasiazimane ushahidi: Isaya asifanywe shahidi wa mbinuko wa dunia, wala beseni la Kayabwe lisifanywe maabara. Kiswahili kikiingia madarasani Uganda na istilahi tatanishi, kitaurithi mgogoro huu badala ya kusaidia kuutatua.