Nyumba za Mchanga Mbichi

Nyua zetu za mijini sasa zimesakafiwa kwa zege, na chini ya zege hilo tumeufukia ufundi mzima wa watoto: kujenga nyumba kwa mguu.

Ulikuwa ufundi kweli. Mvua ikishakatika, mtoto alizamisha mguu kwenye mchanga mbichi; mwenzake akaurundikia mchanga mwingine, akaushindilia kwa viganja, taratibu. Mchanga mkavu haushikani, uliolowa chepechepe hubomoka. Kiasi cha maji kinachofaa walikijua kwa vidole. Kisha ikafika zamu ya kuchomoa mguu. Mwenye mguu aliuvuta polepole, kisigino kikitangulia, na mwenzake ameliegemeza paa kwa kiganja. Mmoja akiwa na pupa, jasho la wote wawili lilikwenda bure. Wakanuna kidogo, wakaanza upya, bila mtu mzima kuja kuamua nani mkosaji.

Nyumba ikisimama, ilihitaji majirani. Huyu akaleta kifuu kiwe kisima, yule vijiti vya ua. Wakabishana njia ipite wapi na mlango uelekee upande gani. Wahenga walisema wajenga nyumba moja hawagombanii fito. Watoto wale waligombania, wakapatana, na hivyo ndivyo methali ilivyowaingia.

Walimu wa mbali nao waliliona jambo hili. Mjerumani Friedrich Froebel, kuanzia mwaka 1837 huko Bad Blankenburg, aliwatengenezea watoto vifaa vya kuchezea, ukiwemo mchemraba wa mti unaogawanyika vipande 8. Caroline Pratt, aliyeanzisha shule yake New York mwaka 1914, aliwachongea wanafunzi matofali ya mbao. Hawakumpa mtoto nyumba. Walimpa vipande, wakamwacha ajenge na wenzake.

Sisi tunampa nyumba. Tunanunua jumba la plastiki lililokwisha kupakwa rangi, kila mtoto na lake, au tunamshikisha simu na kumsifu kwa kutulia. Akirudi na tope tunamgombezea nguo. Kisha tunalalamika kwamba vijana hawajui kushauriana, kwamba kila mmoja anataka lake lipite. Kushauriana hakuanzi ukubwani. Mtoto ambaye hajawahi kubomolewa paa na mwenzake, na bado akamkaribisha wajenge tena, atajifunzia wapi?